Uanagenzi wa Likizo katika Programu Huria: Maana Yake kwa Mkufunzi

Mafundi seremala wa mwambao na wahunzi wa bara wamefundisha kwa njia moja tangu zamani. Mwanagenzi huketi karibu na fundi, hushika kwanza kazi ndogo, huona kazi yake ikisahihishwa mbele ya wenzake, na baada ya muda huaminiwa kazi ambayo mteja ataichukua nyumbani. Shule zilipokuja, jambo lililopotea kwa urahisi kuliko mengine yote lilikuwa huyo mteja. Insha ya mwanafunzi husomwa na mwalimu mmoja, hupewa alama, na safari yake huishia katika kabati la ofisi. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza mafunzo ya namna nyingine, ambamo mteja yupo tangu siku ya kwanza: mipango ya likizo inayowalipa wanafunzi posho ili wajifunze kutunga programu huria za kompyuta. Hatuwaandikii walimu wa kompyuta peke yao. Mkufunzi wa jiografia au wa hisabati atakayesimamia mazoezi ya kufundisha muhula ujao ana swali lile lile: mwanafunzi apewe lini kazi ya kweli, na ni nani aisahihishe?

Maana ya programu huria

Kila programu ya kompyuta huandikwa kwanza na binadamu kwa lugha maalumu, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao kama mganga afichavyo mizizi yake. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983 kwa nia hiyo, na Linus Torvalds, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa Linux mwaka 1991. Kwetu mfano mmoja unafaa kukumbukwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kuisihi kampuni yoyote iikubali lugha yetu. Msimbo ulikuwa wazi, basi wataalamu wakaingia kazini.

Kwa mwalimu, faida kubwa ya programu hizi imo katika kumbukumbu zake. Pamoja na msimbo huhifadhiwa pia mabishano yaliyouzaa: nani alipendekeza nini, nani alipinga, kasoro gani iligunduliwa na ilitibiwaje. Mwanafunzi anaweza kurudi nyuma miaka kumi na kumwona fundi mashuhuri akikosea, akionywa, na akijirekebisha. Ni vitabu vichache vya kiada vinavyomwonyesha mwanafunzi jambo hilo.

Asili ya mipango ya likizo

Mpango uliotangulia kujulikana ulimwenguni ni Google Summer of Code, ulioanzishwa mwaka 2005. Hoja yake ni ya kialimu kabisa: mwanafunzi anayekaa likizo ndefu bila kutumia alichojifunza hurudi chuoni akiwa amesahau sehemu yake, hasa akiwa amelazimika kutafuta kibarua kisichohusiana na masomo yake. Kaulimbiu ya mpango iliwatania vijana wa Marekani kwa kuwaalika wageuze biti za kompyuta badala ya kugeuza nyama juu ya makaango ya mikahawa. Mwaka huo wa kwanza ilikusudiwa kuwachukua wanafunzi 200. Waombaji walizidi 8,000, na waliokubaliwa wakazidi 400. Kila mwanafunzi aliyemaliza alipata dola 4,500 za Marekani, na jumuiya iliyomlea ikapewa dola 500. Kampuni hutoa fedha tu. Jumuiya za watunzi wa programu ndizo zinazomchagua mwanafunzi, zinazompa mlezi, na zinazobaki na kazi yake.

Mwaka 2006 jumuiya ya GNOME ilipokea maombi 181 katika mpango huo, na miongoni mwake hapakuwa na hata moja lililotoka kwa mwanamke. Wangeweza kusema, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba wanawake hawapendi kazi hiyo. Badala yake walitangaza mpango mdogo wa wanawake peke yao, na maombi yakaja kwa makumi. Mpango huo ulifufuliwa mwaka 2010, ukapewa jina la Outreachy mwaka 2015, na sasa huwapokea watu mbalimbali waliobaguliwa au walio wachache katika fani hii, mara mbili kwa mwaka, kwa miezi mitatu na posho ya dola 7,000. Tangazo lililoandikwa kwa namna nyingine lilileta waombaji wengine. Mkuu wa chuo anayelalamika kwamba wasichana hawaombi masomo ya sayansi angeanza kwa kulisoma upya tangazo lake.

Google Summer of Code nayo imebadilika. Tangu mwaka 2017 posho hupimwa kwa gharama za maisha katika nchi ya mwanafunzi. Tangu mwaka 2022 si lazima mtu awe mwanachuo. Inatosha awe ametimiza miaka 18 na awe mgeni katika programu huria. Kazi hupangwa kwa saa, kubwa ikiwa saa 350, ya kati 175, na tangu mwaka 2024 ipo ndogo ya saa 90. Wote waliopita humo ni zaidi ya 20,000 kutoka nchi zaidi ya 100. Jina lake lingali la kiangazi, ingawa miezi ya Juni na Julai kwetu ni ya kipupwe, na huenda mwanachuo akawa bado katikati ya mitihani.

Kazi ndogo kabla ya kuchaguliwa

Jambo la kwanza ambalo mkufunzi angeliiga limo kabla mafunzo hayajaanza. Katika Outreachy mwombaji hachaguliwi kwa barua na vyeti tu. Hupewa majuma kadhaa ambamo ni lazima atoe mchango mdogo wa kweli kwa mradi anaouomba, na jumuiya nyingi za Google Summer of Code hudai hivyo hivyo. Mchango wenyewe unaweza kuwa mstari mmoja wa maelezo uliokuwa na makosa, au kitufe kilichoandikwa vibaya. Hata hivyo ili kuufikia mstari huo mwombaji hana budi kuuchukua msimbo wote, kuujenga katika kompyuta yake mwenyewe, kuitafuta kasoro, kuitibu, na kuupeleka mchango wake kwa utaratibu wa jumuiya. Wengi huzimaliza siku tatu au nne katika kuujenga tu, na hapo ndipo mlezi anapomfahamu: je, mtu huyu akikwama hufanya nini?

Aghalabu hunyamaza. Na anaponyanyua mkono, huuliza vibaya. Tulinganishe maswali mawili. La kwanza: "Shikamoo mheshimiwa, samahani kwa usumbufu, programu haifanyi kazi, naomba msaada wako." La pili: "Nimefuata maelekezo ya usakinishaji hadi hatua ya nne. Nilitarajia kuona ukurasa wa kuingilia, lakini nimepata ujumbe ninaounakili hapa chini. Nimeizima hifadhidata na kuiwasha tena, ujumbe haukubadilika." Swali la kwanza ni la mtu mwenye adabu njema ambaye hatasaidiwa, kwa kuwa msomaji hana pa kuanzia. La pili limekwisha kujijibu nusu, na mara nyingi mwandishi wake huligundua jibu kabla hajalituma.

Mkufunzi wa Kiafrika ana wajibu wa pekee katika jambo hili. Mwanafunzi wetu amelelewa kutomsumbua mkubwa mbele za watu. Akiwa na swali humwendea mlezi kwa siri, katika barua ya faragha, naye mlezi humrudisha akimwomba auulize ukumbi mzima. Kijana huona ameaibishwa. Kumbe sababu ni nyepesi: jibu la hadharani litamfaa kila atakayekwama pale pale kesho, na mlezi ni mtu wa kujitolea asiyeweza kujibu jambo moja mara kumi. Katika karakana hiyo adabu ipo, ila imehamia mahali pengine. Imo katika kutopoteza muda wa mwenzako. Asipoelezwa hivyo mapema, mwanafunzi hodari hushindwa kwa sababu ya malezi mema.

Siku hizi limezuka jambo jingine. Mitambo inayoandika kama binadamu imewawezesha waombaji kutuma mapendekezo marefu yenye lugha safi kwa dakika chache, na walezi wanalalamika kwamba wameelemewa. Hata kiraka cha msimbo chaweza kuandikwa na mashine. Kinachobaki kuwa kipimo ni mazungumzo yanayofuata: mwombaji aulizwe kwa nini alichagua njia hii na kuiacha ile, kisha asikilizwe.

Masahihisho ya hadharani

Hapa ndipo penye kiini cha mafunzo haya. Tutachukua mfano kutoka OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ambayo mizizi yake imo Eldoret nchini Kenya, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ilianza kutumika huko Eldoret mwaka 2006, na Rwinkwavu nchini Rwanda mwaka huo huo. Tangu mwaka 2007 jumuiya yake imekuwa ikiwalea wanafunzi katika mpango wa Google.

Tuseme mwanafunzi amepewa kazi ya kurekebisha fomu ya kumwandikisha mgonjwa. Mzee amekuja zahanati, hajui tarehe aliyozaliwa. Anasema ana miaka kama sabini. Mwanafunzi anaandika mistari mitano: toa sabini katika mwaka huu, weka tarehe mosi Januari, hifadhi. Programu inakubali, naye anaituma kazi yake kwa furaha.

Mlezi anaijibu hadharani kwa swali moja: muuguzi atakayelifungua jalada hili baada ya miaka miwili atajuaje kwamba tarehe hii ilikisiwa? Mwanafunzi anapekua na kukuta kwamba ndani ya programu hiyo imo tayari alama ya kuonyesha tarehe ya kukisia. (Mazungumzo haya tumeyabuni, lakini alama hiyo imo kweli.) Anaandika upya. Mshiriki mwingine, asiye mlezi wake, anauliza itakuwaje kwa mtoto wa miezi minne, ambaye umri wake kwa miaka ni sifuri. Mwanafunzi anaongeza miezi, na anaongeza jaribio litakalojiendesha lenyewe kila msimbo unapobadilishwa, ili kosa hilo lisirudi. Mara ya tatu anarudishiwa kazi kwa sababu ya maelezo yake: aliandika "nimerekebisha fomu", naye anatakiwa aeleze alichorekebisha na sababu yake. Mistari mitano imekwenda na kurudi mara tatu. Siku inapopokelewa, imekuwa mistari kumi na minane, na mwanafunzi amejifunza jambo kuhusu wazee wasio na vyeti vya kuzaliwa ambalo hakuna somo la kompyuta lingelimfundisha.

Tulinganishe na kalamu yetu nyekundu. Sisi husahihisha, tunatoa 12 kwa 20, na tunarudisha daftari. Alama hiyo humwambia mwanafunzi kwamba kazi imekwisha wakati bado ni mbovu. Katika programu huria hakuna 12 kwa 20. Kazi huingia au hurudi, na ikirudi hurudi pamoja na sababu. Tunajua mkufunzi mwenye wanachuo themanini atasema hawezi kurudisha kila kazi mara tatu. Ni kweli hawezi. Lakini angalia ni nani aliyeuliza juu ya mtoto wa miezi minne: ni mshiriki wa kawaida. Wanachuo themanini ni wasahihishaji themanini, wakifundishwa kusahihisha.

Kuna kasoro moja ambayo hatuipendi. Mlezi ndiye anayemsaidia mwanafunzi, na yeye huyo ndiye anayeamua, katikati ya kipindi na mwishoni, kama amefaulu na alipwe. Mwanafunzi humficha shida zake mtu atakayempima, naye mlezi mwenye huruma husita kumnyima posho kijana aliyezembea. Jumuiya zenye busara hulipunguza tatizo hili kwa kuweka msimamizi juu ya mlezi na kudai taarifa ya kila juma, hata kama taarifa yenyewe ni kwamba juma limepita bila mafanikio. Katika mazoezi yetu ya kufundisha tunao mgongano huo huo, na pengine taarifa ya juma ingetufaa kuliko ziara mbili za ghafla.

Suala la posho

Wapo walimu watakaosema kwamba kumlipa mwanafunzi ili ajifunze ni kuharibu elimu. Tuipime hoja hiyo katika nyumba halisi. Mwanachuo anayerudi kijijini likizo husubiriwa shambani, au dukani kwa mjomba. Akikaa mbele ya kompyuta kwa miezi mitatu bila kuleta kitu, atakuwa ameikosea familia yake, naye analijua hilo. Posho inaununua muda huo. Bila posho mafunzo haya yangebaki mali ya watoto wa wenye nacho, ambao tayari wana muda, umeme na chumba chao.

Ndiyo maana utaratibu wa malipo unastahili kulaumiwa pale unapostahili. Miaka ya mwanzo ya Google Summer of Code sehemu ndogo ya fedha ilitolewa kazi inapoanza. Sasa asilimia 45 hulipwa baada ya tathmini ya katikati na asilimia 55 mwishoni. Kwa majuma ya kwanza, yaani wakati mwanafunzi anapohitaji vifurushi vya intaneti na pengine betri mpya, hana kitu. Kadhalika kupima posho kwa gharama za maisha kuna haki yake, kwani chakula cha Mbeya si bei ya chakula cha Zurich. Lakini kompyuta haijui kwamba imenunuliwa Mbeya, na bei yake aghalabu hupanda kadiri inavyosafiri.

Wala si kila kizuizi huondolewa kwa fedha. Google iliwahi kuwa na shindano la wanafunzi wa sekondari, Google Code-in, lililodumu kuanzia mwaka 2010 hadi 2019. Kijana mmoja wa Bamenda, Cameroon, alifanya kazi ishirini, akiichangia OpenMRS, na akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo kuu. Siku moja baada ya muda wa kuwasilisha kazi kwisha, mwezi Januari 2017, serikali ilikata intaneti katika eneo lao. Ingekatwa juma moja mapema, tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Husemwa pia kwamba wengi huondoka baada ya malipo ya mwisho. Ni kweli, na jumuiya huachiwa msimbo usio na mtunzaji. Hasara hiyo ni yao, na wanayo haki ya kuihesabu. Kwetu walimu hesabu ni nyingine: mwanafunzi anayejua kuuliza, kupokea masahihisho na kueleza sababu za uamuzi wake huondoka na mafunzo yake.

Zoezi la kuanzia

Mkufunzi asiye na maabara ya kompyuta anaweza kuanza na karatasi. Wanachuo wa jiografia, kwa mfano, waandike mwongozo wa somo moja la usomaji wa ramani, utakaotumiwa na mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani. Huyo ndiye mteja wao. Mwongozo mmoja utungwe na darasa zima. Kila badiliko liandikwe katika daftari la pamoja, pamoja na jina la aliyelileta na sababu yake, na lisiingie mpaka wenzake wawili wasiokaa naye dawati moja wameliuliza maswali na kuridhika. Mwalimu wa shule ile aje mara moja katikati ya zoezi aseme kilichomshinda kutumia. Majuma mawili ya kwanza yatakuwa ya manung'uniko, kwa sababu wanachuo hawajazoea kurudishiwa kazi na wenzao.

Wenye kompyuta na intaneti waanze na tafsiri. Programu nyingi huria, zikiwemo zile zinazoendesha Wikipedia, hupokea tafsiri za Kiswahili kutoka kwa yeyote, na mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja ni sentensi ngapi humo zinazosubiri mtu anayeijua lugha. Kutoka hapo mwanachuo ahamie kwenye maelezo ya matumizi, kisha kwenye kasoro ndogo za msimbo.

Kuhusu kalenda: orodha ya jumuiya zilizokubaliwa katika Google Summer of Code hutolewa kwa kawaida mwezi Februari, na maombi hufungwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Mwanachuo anayelisoma tangazo mwezi Machi huwa na majuma machache tu ya kuujenga msimbo, kuuliza maswali na kutoa mchango wake wa kwanza. Zoezi la karatasi lifanywe basi Oktoba na Novemba, na la tafsiri Desemba na Januari. Kwa Outreachy, ambayo ina vipindi viwili, wanaokusudia kile kinachoanza Desemba wawe tayari mwezi Agosti.